Programu Iliyomo Ndani ya Taa ya Omena

Usiku wa giza, maji ya Ziwa Victoria kuanzia Mbita hadi Muhuru Bay huwaka taa. Omena, dagaa wadogo wa ziwa hilo, hufuata mwanga, na wavuvi wa Homa Bay na Migori huutumia kuwakusanya. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya karabai, na mafuta ya taa yaliila faida ya mvuvi. Mwaka 2008 kampuni ya OSRAM ilifungua Mbita kituo cha kukodisha taa na betri zilizochajiwa kwa jua. Mwaka 2012 M-KOPA ikaanza kuuza sola kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia M-Pesa.

Sifa huenda kwa paneli na betri. Mhadhara huu unahusu chipu ndogo kuliko ukucha na programu dhibiti iliyochomwa ndani yake. Hiyo ndiyo huamua betri ikatwe lini kabla haijaisha kabisa na kuharibika, na ndiyo huhesabu siku ambazo mteja amelipia.

Kifaa chenye laini ya simu hupokea amri kwa mtandao. Kisicho nayo huhitaji tokeni: mteja hutumiwa tarakimu kwa SMS, akazibonyeza. Chipu na seva ya muuzaji zina ufunguo mmoja wa siri. Chipu hurudia hesabu ya seva, na majibu yakilingana huongeza siku, kisha husogeza kihesabio ili tokeni ile isitumike tena. Ndivyo inavyofanya OpenPAYGO Token, mfumo ambao kampuni ya Solaris Offgrid imeuweka wazi kwa yeyote autumie.

Kuhesabu siku kunaonekana rahisi. Sivyo. ATmega328P, chipu ya Arduino Uno ambayo wanafunzi wengi hujifunzia, ina kumbukumbu ya kudumu inayohimili kuandikwa mara 100,000. Programu ikihifadhi salio kila dakika mahali palepale, huandika mara 1,440 kwa siku, na kikomo hufika kabla ya siku 70. Ikihifadhi kila saa, ni zaidi ya miaka 11. Tofauti hiyo imo katika mstari mmoja wa programu, na jaribio la wiki moja mezani haliwezi kuifichua.

Je, umeme ukikatika katikati ya kuandika? Dawa ni nakala mbili za salio, kila moja na namba yake ya uhakiki. Kuithibitisha ni kazi nyingine: rilei ikate umeme maelfu ya mara, na salio lisomwe upya kila mara.

Halafu kuna swali linaloletwa na ziwa lenyewe. Kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai, uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya. Programu inayohesabu siku za kalenda humtoza mvuvi miezi minne asiyovua. Inayohesabu saa za kuwaka haimtozi. Huo ni uamuzi wa haki, na unastahili kuandikwa na kujaribiwa kwa makini yaleyale yanayopewa volti.

Mahali pa kufanyia majaribio hayo papo karibu: Chuo Kikuu cha Rongo kiko Migori, cha Tom Mboya kiko Homa Bay. Benchi ya majaribio haya inahitaji kompyuta, rilei kadhaa na taa mbovu zilizolala kwa mafundi wa Sori na Mbita. Wanafunzi waanze kwa kuzifungua hizo, wasome kilichobaki kwenye kumbukumbu, kisha wawaulize wavuvi zilizimikaje.