Kazi ya Pili Katika Umri wa Makamo
(Maneno waliyoambiwa waalimu na watu wa mitaa)



Nataka kusema nanyi habari ya mtu aliyekwisha kupita ujana, akaona kazi aliyoizoea haimlishi tena. Afanye nini? Wazee walituonya, Usiache mbachao kwa msala upitao. Neno hili ni la kweli. Lakini mbacha ukiisha kuoza, je, tuulalie vivyo hivyo?

Itazameni Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja. Wanawake wa pwani ile walizoea kufukia makumbi ya nazi mchangani, kisha huyafukua, huyaponda, husokota kamba. Na wanaume huvua samaki. Hata mwaka 1989 kilimo cha mwani kikaanza katika pwani hiyo ya mashariki, kikaenea. Wanawake wengi, hata watu wa makamo, wakaishika kazi mpya. Maji yakipwa hushuka na vigingi na kamba, hufunga vipande vya mwani, na baada ya wiki sita hivi huvuna. Walikuwa wageni wa kilimo kile, lakini si wageni wa bahari. Bamvu na maji mafu waliyajua tangu utoto, na kamba walizijua. Basi maarifa ya kazi ya kwanza yaliwafuata katika kazi ya pili.

Tena kazi hiyo nayo ikapatwa na msiba. Bahari ilizidi joto, na ule mwani wa bei nzuri ukafa mahali pengi. Uliobaki ukawa wa bei ndogo. Hoteli nazo zilikuwa zimejengwa Kiwengwa, na vijana wengi wakatafuta kazi huko. Mama wa miaka 45 aende wapi?

Huko Jambiani, kusini katika pwani hiyo hiyo, wako waliojibu. Waliacha mwani, wakajifunza kulima sifongo za baharini. Sifongo hufungwa katika kamba na kutungikwa majini, wala kazi yake haiwezekani kwa kusimama katika maji ya kiunoni tu. Iliwapasa kujifunza kuogelea, watu wazima wenye watoto. Fikirini aibu waliyoishinda! Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Neno langu ndilo hili. Kubadili kazi katika makamo si kuanza na mikono mitupu. Ni kukubali kuwa mwanafunzi tena. Wengi hurudi nyuma si kwa uvivu, ila kwa kuogopa kuchekwa.

Basi, waalimu, akiwajia mtu mzima kujifunza hesabu au kazi ya mkono, msimfundishe kama mtoto. Mwulizeni kwanza ajualo, mkajenge juu yake. Nawe uliye katika shaka, usiitupe kazi ya zamani kwa siku moja. Kalia mbacha wako huku ukiusuka mkeka mpya, ukili kwa ukili. Na sisi jirani, tukimwona mwenye mvi ameshika kalamu, tusicheke. Kesho yawezekana ikawa zamu yetu.