Dawa za Kifafa na Hatari ya Kuziacha Ghafla

Fenobabitoni, dawa iliyoanza kutumika kutibu kifafa mwaka 1912, hutuliza seli za ubongo zinazorushiana ishara za umeme kupita kiasi, na kwa kuwa bei yake ni nafuu bado inategemewa sana, ingawa humfanya mgonjwa asinzie. Kabamazepini hutibu kifafa na pia maumivu ya neva ya uso, yale yanayomchoma mtu ghafla anapopiga mswaki au kunawa. Lakini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na upele unaozuka katika majuma ya kwanza, hasa ukiambatana na homa au vidonda mdomoni, humlazimu mgonjwa kuwahi hospitali siku hiyohiyo. Valproeti, dawa nyingine ya kifafa, huweza kumdhuru mtoto tumboni, hata uti wake wa mgongo usifunge sawasawa, hivyo mwanamke anayeitumia hana budi kumwona daktari kabla ya kushika mimba. Kosa baya zaidi, na linalosikitisha kwa kuwa huepukika, ni kuacha dawa ghafla kwa sababu mgonjwa haanguki tena, kwani hapo huweza kutokea kifafa mfululizo, yaani degedege linalopita dakika 5 bila kukoma, ambalo huweza kuua. Daktari akiona dawa haihitajiki tena, huipunguza kidogokidogo, kwa majuma au miezi.