Waridi la Kiingereza Lenye Harufu ya Kale

Katika mawaridi yote aliyoyazalisha Bwana David Austin wa Shropshire, Uingereza, ambaye waridi lake la kwanza, Constance Spry, lilitoka mwaka 1961, lipo moja nilipendalo kuliko yote, nalo ni Gertrude Jekyll la mwaka 1986, lililopewa jina la bibi aliyekuwa mashuhuri kwa maarifa ya bustani. Tumba lake ni dogo, wala hulidhanii kuwa na hazina. Lakini likishachanua, petali zake za pinki iliyokolea huzunguka safu kwa safu kutoka katikati, na harufu yake, ambayo ndiyo hasa ya mawaridi ya kale, hukufikia kabla hujainama kuinusa.

Basi mwenye kutaka kuupanda mwaridi huo katika nchi ile ya baridi, na aununue mche wa mizizi mitupu kati ya Novemba na Machi, airoweke mizizi majini, achimbe shimo penye jua la kutosha, atie samadi iliyooza barabara, kisha aufukie mpaka kiungo cha pandikizi kizame chini ya udongo. Upogolewe baridi inapokaribia kwisha, kwa kupunguza theluthi au hata nusu ya kimo chake. Maua yaliyofifia yakatwe upesi, ili mti usishughulike na mbegu ukasahau kuchanua tena. Majani yenye madoa meusi, ambayo ni maradhi ya kuvu, yaokotwe yote chini ya shina na kuteketezwa. Na glavu za ngozi ni faradhi, maana miba yake haina huruma.