Arusi ipite, mlima ubaki
Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Baraka



Tuseme ukweli. Kule Lugufu na Nyarugusu tulipimiwa chakula, na kuni tulizitafuta kwa woga. Lakini arusi zilifanyika, na watoto wa ndoa zile ndio hawa tunaowaoza leo. Tangu meli zianze kuturudisha kutoka Kigoma mwaka 2005, ile akili ya kupima tumeisahau.

Arusi moja inakula magunia ya makala. Makala yanatoka milimani kwetu hapa Fizi. Miti ikiisha, mvua inashusha udongo mpaka ziwani, na mama zetu wanafuata kuni mbali zaidi, kwenye njia ambazo sote tunajua hazina usalama. Na mifuko ya plastiki? Serikali iliikataza kwa dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017, lakini asubuhi baada ya arusi tunaikuta ufukweni, pale pale tunapochota maji.

Basi tunapendekeza hivi: kamati ihesabu watu kabla ya kuhesabu magunia. Tupikie mbabula za udongo zinazotunza moto. Maji yatiwe dawa kwenye madumu, tunywe kwa vikombe. Ndagala na mihogo ya hapa vinatosha kumheshimu mgeni.

Wafadhili, tusaidieni kununua sahani, vikombe na vyungu vya chama, viazimwe kwa zamu.

Bwana arusi asianze ndoa na deni, wala bibi arusi asifuate kuni mbali kuliko mama yake.