Kaisari Aliyelia

Wasikilizaji wetu, leo twawasimulia habari za Hadrian, aliyekuwa Kaisari wa Rumi tangu mwaka 117 hata 138. Alimpenda mno kijana wa Bithynia, katika Asia Ndogo, jina lake Antinous, akafuatana naye safarini. Mwaka 130, walipokuwa Misri, Antinous alizama katika mto Nili akafa. Kaisari aliandika kuwa alianguka mtoni. Wengine walinena kwamba alitolewa sadaka. Hadrian alimlilia bila kujizuia. Akajenga mji ukingoni mwa mto, akauita Antinoopolis. Kijana akaabudiwa kama mungu, na sanamu zake nyingi zingaliko hata leo. Nasi twaona: mwenye majeshi na hazina aliweza kujenga mji mzima, asiweze kumrudisha mtu mmoja.