Haki Isiyopenda Rehema

Somo: Mika 6:6-8

  

Somo letu latoka katika kitabu cha nabii Mika, sura ya sita. Watu wanauliza wamletee Mungu sadaka gani ili apendezwe nao. Je, wamletee ndama? Wamletee kondoo kwa maelfu? Nabii anawajibu kwamba Mungu amekwisha kuwaonyesha lililo jema. Anataka watende yaliyo ya haki, waipende rehema, na watembee mbele zake bila kujikweza. Angalieni vema: ni mambo matatu, wala si moja. Leo twataka kutazama yale yanayotokea watu wanapolishika lile la kwanza kwa mikono miwili, na kuyaacha mengine mawili yaanguke njiani.

Siku hizi maneno "haki za kijamii" yamo vinywani mwa watu wengi. Huko Marekani na Ulaya, na sasa katika vyuo vyetu na katika simu za vijana wetu, wako wanasiasa na wanaharakati wanaojiita wapenda maendeleo. Wanasema ya kwamba mambo ya kale yamejaa dhuluma, na dawa yake ni kuyang'oa. Mkristo aseme nini? Wengine husema, "Hayo ni ya dunia, sisi tuna safari ya mbinguni." Wengine huinua kila bango linalopita barabarani bila kulisoma. Biblia haituruhusu kufanya hivyo wala hivyo.

Kwanza, tuitazame haki. Tarehe 25 Mei 2020, katika mji wa Minneapolis, jimbo la Minnesota, askari polisi aliyeitwa Derek Chauvin alimpigia goti shingoni George Floyd, mtu mweusi aliyekuwa amefungwa pingu na kulazwa chini. Alimkandamiza kwa zaidi ya dakika tisa, naye Floyd akafa. Ulimwengu mzima uliona. Hata hapa Nairobi, mwezi wa Juni mwaka huo, wakazi wa Mathare waliandamana kuwalilia watu wao waliouawa na polisi. Kilio kile kilikuwa cha kweli. Tunasoma katika Mwanzo sura ya nne kwamba damu ya Habili ilimlilia Mungu kutoka ardhini, na Mungu hakuziba masikio. Mwaka 2021 mahakama ilimwona Chauvin kuwa na hatia, akafungwa miaka 22 na nusu. Hukumu ile ilikuwa ya haki, nasi hatuna neno juu yake.

Lakini katikati ya kilio hicho jambo lingine lilitokea. Tarehe 7 Juni 2020 madiwani tisa kati ya 13 wa mji ule walisimama jukwaani katika bustani iitwayo Powderhorn Park, wakaahidi mbele ya umati kuanza kuiondoa idara ya polisi ya mji wao. Watu walishangilia sana. Siku iliyotangulia, Meya Jacob Frey alikuwa amekwenda kwa waandamanaji. Walimwuliza kama atakubali kuondolewa kwa polisi. Alipojibu kwamba hakubali polisi waondolewe kabisa, walimzomea, naye akaondoka katikati yao huku wakimwambia kwamba ni aibu.

Ndugu wapendwa, twaulizane: je, wale maskini ambao ahadi ile ilitolewa kwa jina lao waliulizwa? Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika majira hayo hayo ya mwaka 2020, shirika la Gallup liliwauliza Wamarekani weusi kama wanataka polisi wapungue katika mitaa yao. Watu 81 katika kila 100 walisema wanataka wabaki kama walivyo au waongezwe. Mwezi wa Agosti wakazi wanane wa upande wa kaskazini wa Minneapolis, mahali wanapoishi watu weusi wengi, waliushtaki mji wao mahakamani wakidai askari wa kutosha, maana risasi zilikuwa zikilia mitaani mwao. Mamia ya askari waliacha kazi. Mwaka 2019 watu waliouawa katika mji huo hawakufika 50. Mwaka 2020 walizidi 80. Tuseme kweli yote: mwaka ule mauaji yaliongezeka katika miji mingi ya Marekani, hata ile isiyotoa ahadi kama hiyo, kwa hiyo hatuwezi kuitwika ahadi ile mzigo wote. Lakini hili twalijua: tarehe 2 Novemba 2021 jambo hilo lilipopelekwa kwa wapiga kura, watu kama 56 katika kila 100 walilikataa, na mitaa ile ya kaskazini ilikuwa miongoni mwa walioikataa.

Waliotaka polisi atakayewalinda bila kuwaua hawakuwa na haja ya kelele za jukwaani. Walihitaji mtu wa kukaa nao chini na kuwasikiliza. Yakobo atufundisha katika sura ya kwanza tuwe wepesi kusikia na tusiwe wepesi kukasirika, kwa sababu hasira ya binadamu haizai haki ya Mungu. Waswahili nao husema kwa maneno mawili tu: hasira hasara.

Pili, tuitazame rehema. Nabii hasemi tuionje rehema mara moja kwa mwaka, asema tuipende. Harakati nyingi za siku hizi haziipendi. Mtu akisema neno moja lisilofaa, au likifukuliwa neno aliloliandika miaka mingi iliyopita akiwa kijana, husambazwa kwa simu usiku huo huo. Asubuhi waajiri wake wameandikiwa afukuzwe kazi. Akinyamaza, huambiwa kwamba ana kiburi. Akiomba msamaha, huambiwa kwamba hakuomba vizuri. Tumewaona wanaharakati hao wakitaja dhambi na kudai maungamo, lakini mahali pa kuoshwa hawana. Ni dini isiyo na msalaba.

Haikuwa hivyo sikuzote. Mwaka 1963, katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, watu weusi walikuwa wakikatazwa kula meza moja na wazungu na kunyimwa kazi kwa ajili ya rangi yao. Mchungaji Martin Luther King na wenzake waliwaita watu waandamane. Lakini kabla mtu hajaandamana, alipewa kadi ya ahadi atie sahihi. Kwenye kadi hiyo aliahidi kuyatafakari kila siku maisha na mafundisho ya Yesu. Aliahidi kuomba kila siku. Aliahidi kukumbuka kwamba walichokuwa wakitafuta ni haki na mapatano, wala si kumshinda adui. Aliahidi pia kutompiga mtu kwa ngumi, kutomtukana kwa ulimi, na kutomchukia moyoni. Watu wale walirushiwa maji ya nguvu na kuumwa na mbwa wa polisi, na hata hivyo waliishika ahadi.

Viongozi wanane wa dini, wote wazungu, waliandika kwamba maandamano hayo hayakuwa ya hekima wala wakati wake haukuwa umefika. King aliwajibu kwa barua kutoka gerezani mwezi wa Aprili. Basi, tusidhani kwamba kupenda rehema maana yake ni kuwaambia wanaoonewa wangoje. La! King hakungoja. Lakini alimtazama yule aliyemdhulumu kama mtu anayeweza kuokolewa. Ndivyo Bwana wetu alivyomtazama Zakayo, mtoza ushuru aliyewaonea watu. Yesu aliingia nyumbani mwake, na katika Luka sura ya 19 twaona kwamba Zakayo mwenyewe aliahidi kurudisha mara nne ya alichochukua kwa hila. Wale waliodhulumiwa wangerudishiwa mali yao, na mdhalimu akapata wokovu. Ni umati gani wenye kuzomea uliwahi kupata mambo hayo mawili kwa siku moja?

Tatu, tutazame unyenyekevu. Mwezi wa Januari 2021, bodi ya shule za San Francisco, huko California, ilipiga kura sita kwa moja kubadili majina ya shule 44. Miongoni mwa majina yaliyokataliwa lilikuwamo la Rais Abraham Lincoln, yeye aliyetangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi tarehe 1 Januari 1863. Walimhesabia kosa juu ya Wahindi Wekundu. Ni kweli kwamba mwezi wa Desemba 1862 watu 38 wa kabila la Dakota walinyongwa kwa idhini yake. Ni kweli pia kwamba waliohukumiwa kufa walikuwa 303, naye aliwaondolea adhabu hiyo walio wengi. Kamati iliyochagua majina hayo haikuwaita wanahistoria waishauri, na katika mambo mengine ilikosea hata habari zenyewe.

Na watoto walikuwa wapi wakati huo? Walikuwa nyumbani. Shule hizo zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na aliyeumia zaidi alikuwa mtoto wa maskini, asiye na mwalimu wa kulipwa wala chumba cha kusomea. Wakubwa walikuwa wakiwahukumu wafu, na walio hai hawajui kama watasoma. Mwezi wa Aprili bodi iliufuta uamuzi wake. Mwezi wa Februari 2022 wapiga kura waliwaondoa wajumbe watatu wa bodi hiyo, katika mji ambao kwa miaka mingi umewachagua wanasiasa wa mrengo huo huo.

Bwana Yesu alisimulia juu ya watu wawili waliopanda hekaluni kuomba. Mmoja alimshukuru Mungu kwa kuwa yeye si kama wengine. Mwingine hakuthubutu hata kuinua macho. Farisayo wa zamani alijisifu kwa kufunga na kutoa zaka. Farisayo wa leo hujisifu kwamba angaliishi mwaka 1862 asingalikosea. Nani kati yetu ajuaye wajukuu wetu watatuhesabia nini?

Sasa turudi nyumbani. Kanisa katika Kenya halikunyamaza juu ya haki. Mwaka 1986 viongozi wa makanisa ya NCCK waliupinga upigaji kura wa mlolongo, na Askofu David Gitari alihubiri dhidi ya uovu huo akiwa na Biblia mkononi, ingawa ilikuwa hatari. Mtu asitumie mazungumzo yetu ya leo kumfunga kinywa mwenye kulia.

Mwezi wa Juni 2024 vijana wetu waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha. Wengine walipigwa risasi wakafa, na wazazi wao wangali wanaomboleza. Madai yao juu ya kodi na ufisadi yalistahili kusikilizwa, na mswada ule uliondolewa. Lakini katika siku zizo hizo namba za simu za wabunge zilisambazwa ili watukanwe mchana na usiku, na mali za baadhi yao zikachomwa. Kijana mpendwa, anayechoma duka la mheshimiwa humchomea pia msichana aliyeajiriwa kuuza humo, na mlinzi anayelipwa mwisho wa mwezi. Hao nao ni maskini. Hao nao wana Mungu anayewalilia.

Nanyi wazee wa kanisa, msimwambie kijana huyo anyamaze tu. Mketini naye. Mwulizeni ameona nini. Mwombolezeni naye aliyekufa. Kisha mfundisheni yale ambayo umati hauwezi kumfundisha: kwamba adui yake ana roho, na kwamba yeye mwenyewe ana deni la msamaha kwa Mungu.

Basi, kabla hujaungana na kundi lolote linalodai haki, jiulize maswali matatu. Je, wale wanaotetewa wamesikilizwa? Je, mkosaji akitubu, iko njia ya kurudi? Je, anayenena anajihesabu kuwa mwenye dhambi pamoja nasi? Majibu yakiwa "ndiyo", nenda nao, wala usiogope. Yakiwa "hapana", itende haki kwa njia nyingine, lakini usiache kuitenda.

Na tuombe. Ee Baba wa mbinguni, wewe wasikia damu iliayo ardhini. Utupe ujasiri wa kusema kweli mbele ya wenye nguvu, na moyo wa kuwahurumia hata hao. Wafariji waliofiwa. Waongoze vijana wetu. Utukumbushe kila siku kwamba sisi tuliposhtakiwa, Mwanao alisimama mahali petu. Kwa jina lake twaomba. Amina.