Timu ya Pamba na Daftari la Kijiji



Leo hatuzungumzi juu ya mbolea wala maji ya kuchemsha. Leo tunazungumza juu ya mpira. Msishangae. Mpira nao una somo lake, na somo hilo linatuhusu sisi tunaojua kusoma na kuandika.

Nani kati yetu hajasikia habari za Pamba ya Mwanza? Wazee wanaikumbuka kwa majina yake ya utani: TP Lindanda, Wana Kawekamo. Vijana wa leo wanaiita Pamba Jiji. Ni timu hiyohiyo. Na jina lake limetoka wapi? Limetoka shambani kwetu.

Huku kwetu pamba iliitwa dhahabu nyeupe. Mkulima aliuza pamba, akanunua baiskeli, akaezeka bati, akasomesha mtoto. Hata kisomo kilipita humohumo. Mradi wa kisomo ulioendeshwa kanda ya ziwa kuanzia mwaka 1968 hadi 1972, kwa msaada wa UNESCO, ulikuwa na vitabu vya kilimo cha pamba. Wazazi wetu wengi walijifunza a, e, i, o, u huku wakijifunza kupanda kwa mstari. Basi timu iliyoitwa Pamba ilikuwa timu yao.

Wakati ule ubingwa wa mpira ulikuwa kama mali ya Dar es Salaam. Mwaka huu Simba, mwaka ujao Yanga. Timu za mikoani zilizowahi kuupata zilikuwa chache. Mseto ya Morogoro ilifanya hivyo mwaka 1975. Tukuyu Stars ya Mbeya ikafanya hivyo mwaka 1986. Coastal Union ya Tanga ikafuata mwaka 1988.

Kisha ikaja zamu ya kanda ya ziwa. Mwaka 1990 Pamba ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano. Ligi hiyo ilikutanisha timu bora za Bara na timu bora za Zanzibar. Kwa hiyo ubingwa wake haukuwa wa mkoa, ulikuwa wa nchi nzima. Wachezaji kama Khalfan Ngassa na George Masatu walijulikana kila mahali penye redio. Masatu baadaye alichezea Simba. Na Mrisho Ngassa, aliyetamba katika timu ya taifa, ni mtoto wa huyo Khalfan. Mnaona? Mbegu iliyopandwa Mwanza ilivunwa hata kwingine.

Lakini mwaka 2001 Pamba ilishuka daraja. Haikurudi Ligi Kuu mpaka mwaka 2024. Hesabuni wenyewe: 2024 kutoa 2001 ni miaka 23. Mtoto aliyezaliwa timu iliposhuka alikuwa mtu mzima iliporudi.

Ilikuwaje? Timu haianguki kwa sababu moja. Lakini ipo sababu moja kubwa, tuitazame vizuri. Zamani timu nyingi za mikoani zililelewa na mashirika ya umma. Mchezaji alipewa kazi kiwandani au ofisini. Shirika lilitoa jezi, gari na posho. Pamba nayo, kama jina lake lilivyo, iliegemea zao la pamba. Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Mashirika mengi ya umma yakauzwa, mengine yakafa. Mnunuzi binafsi alikuja kununua pamba. Hakuja kulea timu.

Ng'ombe akifa, ndama atanyonya nini?

Siku hizi Pamba Jiji inalelewa na Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Ni jambo jema, na tuliishangilia iliporudi. Lakini swali la zamani bado lipo: timu yenye mlezi mmoja itafanya nini siku mlezi akichoka?

Sasa jamani, tugeuke tutazame timu zetu za kijijini. Hizi ni timu za ridhaa. Mchezaji halipwi mshahara. Asubuhi yuko shambani au mwaloni, jioni yuko uwanjani. Mara anatokea mfadhili na mpira mmoja na jezi kumi na tano. Tunapiga makofi. Uchaguzi ukipita, mfadhili haonekani. Mpira unapasuka, jezi zinabaki kwa mtu asiyejulikana, na vijana wanaanza kushutumiana: fedha za kiingilio amekula nani? Timu inakufa, na ugomvi unabaki kijijini.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunaliweza. Basi tuanze na madaftari matatu.

La kwanza ni daftari la wanachama. Andikeni jina la kila mwanachama na ada aliyolipa. Chukueni mfano huu: wanachama 30, kila mmoja shilingi 1,000 kwa mwezi. Kwa mwezi ni shilingi 30,000. Kwa mwaka ni shilingi 360,000. Hazitoshi kila kitu, lakini ni zetu, na hakuna atakayeondoka nazo uchaguzi ukiisha.

La pili ni daftari la fedha. Upande mmoja mapato, upande wa pili matumizi. Kila matumizi yawe na risiti. Kila mwezi lisomwe mbele ya wanachama wote, kwa sauti. Fedha ikisomwa hadharani, uvumi hukosa pa kukaa.

La tatu ni daftari la habari za timu. Lini ilianzishwa? Nani walikuwa wachezaji wa kwanza? Tulicheza na kijiji gani, magoli mangapi? Wanaojua majibu ni wazee, na wazee hawatungoji. Mzee aliyecheza namba tisa akifariki kabla hatujamwuliza, mechi zake zote zinazikwa pamoja naye.

Labda mtasema: timu yetu ni ndogo, ina nini cha kuandikwa? Ina jasho la watoto wetu. Inawaweka pamoja vijana wa vitongoji vyote, wa dini hii na ile. Kama ubingwa wa mwaka 1990 haukutosha kuilinda Pamba, je, timu yetu ya kijiji itaokolewa na bahati?

Basi Jumapili ijayo, kabla ya mechi, nunueni daftari moja. Mchagueni mwandishi mmoja na mkaguzi mmoja. Wasiwe mtu yuleyule. Ukurasa wa kwanza andikeni jina la timu, jina la kijiji na tarehe.